Sauti Saba za Radi: Marudio katika Zaburi ya 29

Wanafunzi wengi hufika chuoni na kipimo kimoja cha ushairi: mizani 16 katika mshororo, kina cha kati, kina cha mwisho, na kibwagizo. Kipimo hicho ni chema, lakini ukiipimia Zaburi ya 29, shairi la tufani, utadhani mtunzi hakujua kazi yake. Kiebrania cha Zaburi hakidai vina, wala hakihesabu mizani kama tuhesabuvyo sisi. Kinachoishikilia zaburi hii ni marudio.

Neno “sauti” limetajwa mara saba, tangu aya ya 3 hata ya 9. Lakini halikugawanywa sawasawa, na hapo ndipo yafaa tutulie. Katika aya ya 4 linapiga mara mbili mfululizo, na nusu mbili za aya hiyo zatofautiana kwa neno la mwisho tu. Katika aya ya 6 halimo kabisa. Sauti imenyamaza, milima ndiyo inayoruka. Kisha yaja aya ya 7, yenye maneno matano tu kwa Kiebrania, fupi kuliko zote, isiyo na nusu ya pili ya kuilinganisha. Ndiyo aya ya umeme. Aliyewahi kunyeshewa juu ya vilima vya Karagwe wakati wa masika hatauliza kwa nini imekatika hivyo.

Marudio mengine hupanda ngazi. Aya ya 5 yataja mierezi, kisha yaitaja tena kuwa ni ya Lebanoni. Ya 8 yataja jangwa, kisha Kadeshi. Ngurumo husikika kwanza, mahali ilipopiga pajulikana baadaye.

Niliwahi kuigeuza zaburi hii kuwa tarbia kwa ajili ya kwaya moja huku Kyerwa. Vina vilipatana, kwaya ikafurahi. Lakini ili nivipate nilipunguza “sauti” zikabaki nne, na aya ya umeme nikaijazia maneno hata ikalingana na wenzake. Kosa langu nililitambua Jumapili moja mvua ilipopiga bati la kanisa wakati zaburi ikisomwa katika Biblia yenyewe. Mengi yalimezwa. Neno lililorudiwa ndilo lililofika viti vya nyuma, na kina mama wazee wakaanza kulitamka pamoja na msomaji.

H. L. Ginsberg alidai mwaka 1935 kwamba asili ya zaburi hii ni wimbo wa Wakanaani kwa Baali, mungu wa tufani. Huenda. Lakini jina la Bwana limetajwa mara 18 katika aya 11, hata msikilizaji asipate nafasi ya kumfikiria mwingine. Baada ya aya ya 9 sauti haitajwi tena, ingawa Bwana atajwa mara nne zaidi. Kwa hiyo anayeisoma ibadani asiyaharakishe marudio kana kwamba ni makosa ya mnakili, na afikapo mwisho wa aya ya 9 anyamaze kidogo. Neno la mwisho la zaburi, kwa Kiebrania, ni amani.