Pongezi kwa Waliorudisha Chemirocha Nyumbani

Orkestra ya serikali huku kwenye chai ya Kericho na Bomet hatuna. Tuna chepkong', kinubi cha Wakipsigis, ndugu wa nyatiti ya Waluo: ngozi iliyowambwa, nyuzi, na vidole visivyopumzika.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti. Wasichana wakamwimbia Chemirocha, wimbo wa kumsifu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vilima hivi. Usikilize. Kinubi kinarudia mpigo mfupi uleule bila kuchoka, na sauti za wasichana zinapanda juu yake, kisha zinashuka pamoja na pumzi. Hakuna kondakta, wala hakuna anayemfunika mwenzake. Huo ndio muziki wa chumbani hasa: watu wachache wanaosikilizana.

Pongezi zangu ni kwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kutunza kanda kwa miongo sita ni kazi ya subira. Kubwa zaidi, hawakuridhika kuzifungia kabatini. Wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha vijijini kwa Wakipsigis, wakawatafuta waimbaji wenyewe na jamaa zao, wakawakabidhi sauti zao. Hifadhi za Ulaya zenye nyimbo zetu na ziige. Nasi, kila shule ya Bomet ipate nakala, na mzee wa chepkong' wa kuwafundisha watoto.