Baruti kidogo ndani ya ganda kubwa

Chukua ganda tupu la .38 Special, lisimamishe mezani, kisha umimine ndani yake gramu 0.17 za baruti iitwayo Bullseye. Ukichungulia utaona doa la kijivu chini kabisa, basi. Nafasi iliyobaki ni hewa. Ganda hilo Smith & Wesson walilibuni mwishoni mwa miaka ya 1890, baruti nyeusi ikiwa bado inatumika, na walilipa nafasi ya kubeba karibu gramu 1.4 za baruti hiyo. Bullseye nayo ilitoka mwaka 1898 kwa kampuni ya Laflin & Rand, ikapitia mikononi mwa Hercules, na leo inauzwa na Alliant. Ni baruti isiyo na moshi, kali kiasi kwamba sehemu moja ya nane ya uzito wa ile nyeusi inatosha kupeleka risasi kwenye karatasi. Ganda, hata hivyo, halikufupishwa. Karibu kila hoja ya mtu anayejijazia risasi laini za shabaha inaanzia kwenye hewa hiyo.

Niseme mapema kwamba takwimu za hapa ni za kufafanua hoja, si vipimo vya kwenda navyo mezani. Marekani, ambako kazi hii ni burudani halali ya watu wengi, watengenezaji wa baruti huchapisha vitabu vya vipimo, na mjazaji makini hatoki nje yake. Kwa aliye Tanzania au Kenya, kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali ni kesi.

Wanaozitaka risasi hizi ni walenga shabaha wa bastola wa mtindo wa zamani, wale wanaokutana kila mwaka Camp Perry, jimboni Ohio, kando ya Ziwa Erie, mahali ambapo mashindano ya taifa yalianza kufanyika mwaka 1907. Wanasimama wakiwa wameshika bastola kwa mkono mmoja. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, umbali wa yadi 50, yaani mita 46. Kisha wanasogea yadi 25 na kupiga risasi tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10. Mashindano kamili ni risasi 270 kwa bastola za aina tatu. Mtu wa mkono mmoja mwenye sekunde mbili kwa kila risasi anahitaji mtutu urudi ulipokuwa kabla jicho halijapoteza shabaha. Tena teke likimzidi, ifikapo risasi ya sitini mkono unaanza kushtuka kabla ya mlio, na hapo hakuna baruti itakayomwokoa.

Sasa tulipime hilo teke. Kinachosukuma bastola nyuma ni vitu viwili vinavyotoka mbele: kichwa cha risasi, na gesi ya baruti inayokifuata. Kichwa cha kawaida cha shabaha cha .38 kina greni 148, yaani gramu 9.6, na hutoka kwa mita 230 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi upate 2.2, kwa kipimo cha kilo mara mita kwa sekunde. Gesi hutoka kwa kasi kubwa zaidi, na wanaofanya hesabu hizi huiwekea kama mita 1,200 kwa sekunde. Gramu 0.17 za Bullseye zinaongeza 0.2. Ukitumia baruti ya polepole inayohitaji gramu 0.32 kufikia kasi ileile, gesi yake inaongeza karibu 0.4. Jumla ya kwanza ni 2.4, ya pili ni 2.6. Kwa rivolva ya kilo moja na kidogo, nishati ya teke inapanda kama asilimia 15.

Tofauti hiyo ipo, ila si kubwa kama inavyosemwa kwenye meza za wajazaji. Walenga shabaha wa Ulaya katika mashindano ya mita 25 wengi wao hutumia .32 S&W Long yenye kichwa cha gramu 6.5 hivi, na jumla yao haifiki 1.6. Wamelipunguza teke kwa theluthi moja kabla ya kufungua kopo lolote la baruti. Wakilifungua, mara nyingi ni N310 ya Vihtavuori kutoka Finland, inayowaka haraka kuliko zote za kiwanda hicho. Anayetaka ulaini na aanze na uzito wa kichwa na kasi yake, halafu ndipo aje kwenye baruti.

Kuna imani ngumu kufa kwamba baruti ya polepole "inasukuma" na ya haraka "inapiga", kwa hiyo ya polepole ndiyo laini. Hesabu haiungi mkono. Kwenye mtutu wa sentimita 15, kichwa kinakaa ndani kwa muda wa milisekunde moja na kitu. Hakuna kiganja cha binadamu kinachoweza kugawa muda huo vipande viwili na kusema hapa nilisukumwa, hapa nilipigwa. Kiganja kinapokea jumla, na jumla ya baruti ya polepole ni kubwa zaidi. Sikio nalo linadanganya: baruti ya polepole hufika kwenye mdomo wa mtutu gesi yake ikiwa bado na mgandamizo mkubwa, mlio unakuwa mzito, na mpigaji anadhani bastola imempiga zaidi ya ilivyompiga.

Ubaya wake mkubwa uko kwingine. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi kutoka nitroselulosi mwaka 1884, imejulikana kuwa baruti hizi huwaka haraka kadiri mgandamizo unaozizunguka unavyopanda. Ya polepole ina vipande vinene, au vilivyopakwa kemikali ya kuzuia moto, ikitarajia mgandamizo mkubwa wa risasi kali. Ukiipunguza ili upate risasi laini, unaiondolea mgandamizo unaoiwasha. Inaungua nusunusu. Mtutu unajaa masizi, kasi ya risasi moja hailingani na ya pili, na vipande ambavyo havikuungua vinadondokea chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje ya silinda ya rivolva, silinda inagoma kuzunguka katikati ya mfululizo wa sekunde kumi. Bullseye ina vipande vyembamba, tena ndani yake kuna nitrogliserini, kwa hiyo inashika moto na kumaliza kazi hata mgandamizo ukiwa mdogo. Sifa hiyo ndiyo iliyoiweka mezani zaidi ya miaka mia. Gesi kuwa kidogo ni faida ya ziada.

Turudi kwenye hewa. Baruti kidogo ndani ya ganda kubwa haikai mahali pamoja. Mpigaji akiinua bastola kutoka chini hadi kwenye shabaha, huenda imelala mbele, imeegemea kichwa. Akiishusha kutoka juu, imelala nyuma, juu ya fataki inayoiwasha. Moto wa fataki unaikuta tofauti kila mara, na kasi inabadilika. Dawa iliyopatikana imenivutia siku zote kwa sababu haikutoka kwa watu wa baruti kabisa. Ilitoka kwa watu wa vichwa.

Kichwa cha shabaha cha .38 ni bapa mbele, kama kipande cha bomba. Kilitakiwa kiwe hivyo kwa sababu ya karatasi: kinakata tundu safi la duara, mwamuzi hana la kubishana. Lakini kwa kuwa hakina ncha, kinaweza kuzamishwa chote ndani ya ganda hadi kiwe sawa na ukingo wake, na kikizama kinaijaza nafasi kubwa iliyokuwa hewa. Baruti inabaki kwenye chumba kifupi, karibu na fataki, popote mtutu unapoelekea. Sehemu ya nyuma ya kichwa imetobolewa, ukuta wake ni mwembamba na laini, hata gesi dhaifu inaupanua ukaziba mtutu. Ganda la zama za baruti nyeusi likafupishwa kwa ndani bila kuguswa kwa nje.

Ukuta huo mwembamba una gharama yake. Mtu akiongeza baruti ili kichwa kiende mbio, unaweza kukatika, kipande kikabaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakikuta humo. Risasi hii ni laini kwa hiari na pia kwa lazima.

Hatari inayonisumbua zaidi ni ya kujaza mara mbili. Gramu 0.17 ikiwa doa tu, gramu 0.34 ni doa nene kidogo. Ganda halimwagiki, wala halimwambii mtu aliyesahau kwamba alikwisha kulijaza. Kwa sababu hiyo wapo wanaokataa baruti kali na kuchagua zenye ujazo mkubwa. Trail Boss, iliyotengenezwa na kiwanda cha ADI cha Australia kwa ajili ya wapigaji wa mtindo wa kichunga ng'ombe, ina vipande vyenye tundu katikati, vyepesi, na uzito mdogo tu unalijaza hata ganda la .45 Colt la mwaka 1873. Ukiijaza mara mbili inafurika mezani. Kwa anayeanza, ningemshauri baruti inayoonekana kwa macho kuliko inayosifiwa kwa ulaini. Akishazoea kuyapanga maganda yote kwenye ubao na kumulika kila moja kwa tochi kabla ya kuweka kichwa, atakuwa na haki ya kuhamia Bullseye.

Kipimio cha baruti nacho kina neno. Baruti ya vipande bapa haitiririki vizuri kama ya chembe za mviringo mfano wa Winchester 231, ambayo ndiyo ileile Hodgdon wanayoiuza kwa jina la HP-38. Kosa la greni 0.1 kwenye kipimo cha greni 2.7, yaani zile gramu 0.17 za mwanzo, ni karibu asilimia nne. Kwenye greni tano ni mbili tu.

Rivolva husubiri kidole, kwa hiyo risasi dhaifu haiizuii kufanya kazi. Bastola ya M1911 ya John Browning haisubiri: teke lenyewe ndilo linalorudisha slaidi na kutupa ganda. Risasi ikiwa laini mno, slaidi inaishia njiani. Wapigaji wa bastola hiyo ya .45 huweka springi dhaifu zaidi na kupunguza kichwa kutoka greni 230 za jeshi hadi 185 au 200, wakitafuta pale ambapo slaidi inafanya kazi yake na kuishia hapo.

Kuna kundi moja ambalo kwao karibu yote niliyoandika hugeuka juu chini. Katika mashindano ya IPSC, shirikisho lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, nguvu ya risasi hupimwa kwa uzito wa kichwa mara kasi yake, na baruti haihesabiwi. Daraja la wazi linaruhusu kifaa chenye matundu mdomoni mwa mtutu, kinachorusha gesi juu na kuubana mtutu chini. Kifaa hicho kinataka gesi nyingi yenye mgandamizo, kwa hiyo wanachagua baruti ya polepole, nyingi, yenye kelele. Wanalipa teke la ziada na kulirudisha kupitia matundu.

Kwa mtu wa Camp Perry, kipimo cha mwisho ni kile cha kuinamisha. Anaweka kifaa cha kupimia kasi mbele ya bastola, anapiga mfululizo mmoja kila mara akiwa ameinua mtutu kwanza juu, na mwingine akiwa ameuelekeza chini, kisha analinganisha. Tuseme tofauti ni mita 15 kwa sekunde. Risasi ya 230 inaanguka kama sentimita 19.4 kufikia yadi 50. Ya 215 inaanguka 22.2. Duara la kumi kwenye shabaha hiyo lina kipenyo cha sentimita 8.5, kwa hiyo theluthi yake imekwisha kuliwa kabla mkono haujatetemeka. Yadi 25, kwenye duara la ukubwa uleule, tofauti hiyo ni milimita saba, na mpigaji wa huko anaweza kuitumia baruti hiyo msimu mzima bila kuitilia shaka.