Wavu wa Dola Moja na Misuli Iliyoachana

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, akipata ngiri, huendelea kubeba viroba vya mawe mpaka utumbo unase. Akipelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa inayopokea wagonjwa wa Geita na Shinyanga, ni dharura tayari. Utafiti wa Bugando uliochapishwa 2012 ulihusu wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena. Wengi, karibu asilimia 80, walishonwa kwa njia ya Bassini, ya miaka ya 1880: nyama za pande mbili huvutwa kwa nyuzi mpaka zikutane. Aliyewekewa wavu ni mmoja tu.

Wavu hauvuti kitu. Hukaa kama kiraka, kovu likaota kupitia matundu yake. Kikwazo kilikuwa bei, na jibu likatoka Kamuli, Uganda, kwenye jaribio lililochapishwa 2016. Wanaume 302 waligawanywa: wengine wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi, wengine kitambaa cha chandarua cha takriban dola moja. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mmoja wa kundi la chandarua, upande wa pili hakuna.

Lakini si chandarua chochote cha dukani. Ni cha polithilini, kisicho na dawa ya mbu, kilichotakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Ukizidisha moto, plastiki husinyaa.

Wanaoshangilia Kamuli husahau jambo moja: zile zilikuwa ngiri za kinena. Ngiri inayotokea kwenye kovu la upasuaji wa zamani ni kazi nyingine kabisa. Misuli miwili ya katikati ya tumbo imeachana, na matumbo yamezoea kukaa nje. Hapo daktari hufungua ala ya msuli na kutandaza wavu nyuma yake, ukivuka kingo za tundu kwa sentimita 5 hivi kila upande. Shinikizo la tumbo lenyewe huukandamiza mahali pake. Misuli isipofika katikati, tabaka moja la ubavuni hukatwa ili ilegee. Matumbo yakirudishwa kwa nguvu, mapafu hubanwa, kwa hiyo oksijeni na uangalizi wa usiku vina uzito zaidi kuliko bei ya wavu. Na kama utumbo umeoza ukakatwa, madaktari wengi huahirisha wavu, kwa kuogopa usaha.

Kisha mgonjwa huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa, naye mgodini hulipwa kwa mgawo wa mawe.