Tazama Nyasi, Mpira Uuache Uende

Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa mazoezi wa klabu moja ya gofu hapa Nairobi, watu walimshangilia kijana aliyepiga mpira yadi 190 kwa fimbo ya ayoni 7 akiwa juu ya mkeka wa nyasi bandia. Mwalimu wake akatangaza kwamba swingi yake, namna anavyozungusha fimbo, sasa imekamilika. Mimi niliona swingi ambayo haijaanza.

Swingi kamili huzaliwa pembeni mwa grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo, kwa chipu, pigo fupi la hatua tano, fimbo isipite magoti. Kisha hupanda hadi kiunoni, mbavuni, mwisho begani. Kinachoongezeka ni safari ya fimbo tu. Mwendo ni uleule. Anayeikimbiza fimbo njiani hana swingi, ana haraka. Na draiva, fimbo ya mapigo marefu, isiguswe kabla ya miezi sita.

Lakini kuna jambo moja ambalo mgeni wa mchezo halioni kamwe, kwa kuwa macho yake huukimbilia mpira. Mtu akipiga ayoni, mpira uache uende zake. Inama uangalie kovu kwenye nyasi. Likianzia pale mpira ulipokaa na kuelekea upande wa shimo, basi ile chipu imo ndani ya swingi kubwa. Likianzia nyuma, hata kwa upana wa kidole, kichwa cha fimbo kilitua mapema, na mpira ukiruka vizuri ni bahati. Tazama na kina chake: fundi humenya ardhi kama ganda la chungwa. Aliyerushwa darasa la chipu huacha shimo la kupandia mahindi.

Mkeka huficha yote haya. Fimbo ikitua nyuma huteleza, huufikia mpira, nao huruka. Namjua mwalimu aliyewaweka wanafunzi wake mkekani mwaka mzima, akiwasomea yadi kila wiki ili waendelee kulipa. Walipoingia kwenye kikuyu, nyasi nzito inayoshika fimbo, mipira ilienda hatua kumi. Hata hizo yadi, zilipigwa hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi. Kule pwani, Mombasa, zingepungua.

Seve Ballesteros, bingwa wa Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa ayoni 3 moja kwenye mchanga wa ufuko wa Pedreña, Uhispania. Mchanga hausamehe anayetua nyuma ya mpira. Naye mwalimu Harvey Penick wa Texas, aliyewafundisha mabingwa Tom Kite na Ben Crenshaw, alitaka mwanafunzi aanzie shimoni na kurudi nyuma polepole.

Mimi nilifundishwa na mzee aliyekuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji. Alichora mstari wa chokaa kwenye majani, akaniambia niukate kwa fimbo, bila mpira. Wiki tatu nzima. Nikikata nyuma ya mstari alikohoa tu, nami nikaanza upya. Siku hizo makedi walicheza jioni, fimbo moja ikipita mikono minne, na sikumbuki hata mmoja wao aliyeuliza mpira umeenda yadi ngapi.

Jumamosi ile nilimwomba kijana ashuke mkekani, apige mipira mitano kwenye nyasi. Makovu manne yalianzia nyuma ya mpira. Ana mabega mazuri na subira ya kujifunza. Arudishwe kwenye chipu.