Draiva Husingiziwa

Printa iliyotoa karatasi bila tatizo Ijumaa jioni inagoma Jumatatu asubuhi. Kompyuta inatumia Ubuntu au Debian, printa iko palepale kwenye mtandao wa ofisi, tona ipo, karatasi zipo. Fundi akiitwa, mara nyingi mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye draiva: anaifuta, anapakua nyingine, anaisakinisha, anawasha kompyuta upya, na muda wote huo barua ya kusainiwa inasubiri. Ninachodai hapa ni kwamba draiva husingiziwa. Kwa printa ya mtandao iliyotengenezwa katika miaka 10 hivi iliyopita, ikitumiwa kutoka kwenye mfumo endeshi huria, draiva inapaswa kuwa mshukiwa wa mwisho. Kuchapa kupitia mtandao ni mazungumzo kati ya mashine mbili, na kazi ya fundi ni kupata pale yalipokatikia. Kama mfumo haukusasishwa mwishoni mwa wiki, draiva iliyokuwapo Ijumaa ipo bado. Kilichobadilika kiko kwingine.

Miaka 20 iliyopita dai hili lisingesimama. Wakati huo kila kampuni ilikuwa na lugha yake, wakati mwingine kila modeli, na kompyuta ilihitaji faili la maelezo, maarufu kwa jina la PPD, ili ijue printa fulani ina trei ngapi na inapokea data ya namna gani. Programu inayosimamia kazi hiyo kwenye Linux ni CUPS. Ilianzishwa na Michael Sweet mwaka 1997, Apple wakaiingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002, na mwaka 2007 wakanunua msimbo wake. Hilo lina uzito katika hoja yetu, kwa sababu anayesema Mac huchapa bila usumbufu na Linux haiwezi anazilinganisha mashine mbili zenye injini moja ndani. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2010, Apple walipotoa AirPrint. Simu haikuwa na mahali pa mtumiaji kusakinishia draiva, kwa hiyo ilibidi printa yenyewe ijieleze. Mwaka 2013 Printer Working Group, chombo kinachoweka viwango vya uchapaji, kikatoa IPP Everywhere, kiwango kinachofanya jambo hilohilo bila kufungwa kwa kampuni moja. Leo kompyuta inaiuliza printa: unapokea karatasi za ukubwa gani, unachapa pande mbili, una rangi, nikuletee data ya aina gani? Printa inajibu, na CUPS inajenga foleni kutokana na majibu hayo. Amri moja, `lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`, inatosha kuunganisha printa ambayo kampuni yake haijawahi kutoa draiva yoyote ya Linux.

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini inagoma? Kwa sababu maswali na majibu hayo yanapita mtandaoni, na huko vikwazo ni vingi. Printa hujitangaza kwa njia inayoitwa mDNS, yaani tangazo linalotumwa kwa kila mashine iliyo jirani kupitia anwani 224.0.0.251 na lango namba 5353. Tangazo hilo halivuki ruta. Ofisi ikiwa na mtandao mmoja wa wafanyakazi na mwingine wa wageni, laptopu iliyoingia kwa wageni haitaiona printa hata ikiwekwa mezani karibu nayo. Ruta nyingi zina pia mpangilio wa kuvitenga vifaa vya Wi-Fi visionane. Ukiwashwa, kila kifaa kinapata intaneti vizuri sana, na hapo ndipo watu wanapopotezwa, maana mtu akiona intaneti inafanya kazi anauondoa mtandao kwenye orodha ya washukiwa. Kuna pia ukuta wa moto wa kompyuta yenyewe, ambao katika baadhi ya mifumo hufunga lango 5353 tangu siku ya kwanza. Na kuna hali ya kutatanisha zaidi: kompyuta inalisikia tangazo, inaliona jina la printa linaloishia na `.local`, lakini haiwezi kuligeuza jina hilo kuwa anwani kwa sababu kifurushi cha `libnss-mdns` hakijasakinishwa. Kwenye skrini printa inaonekana. Ukituma kazi, haifiki kokote.

Kisha kuna anwani zinazohama. Printa iliyosajiliwa kwa namba, kwa mfano 192.168.1.50, inabaki salama mradi ruta iendelee kuipa namba hiyo. Umeme ukikatika na kurudi, jambo ambalo ofisi za Dar es Salaam na Nairobi zinalifahamu vyema, ruta ndogo huweza kusahau ni nani alikuwa na namba ipi na kugawa upya. Printa inapata 192.168.1.53, kompyuta inaendelea kubisha hodi kwenye 50. Ijumaa imefanya kazi, Jumatatu imegoma, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Kusakinisha draiva upya hapa wakati mwingine huonekana kuponya, kwa kuwa wakati wa kusakinisha kompyuta huitafuta printa upya na kuipata kwenye namba yake mpya. Hivyo ndivyo draiva inavyopata lawama isiyo yake, na fundi anarudia kosa lilelile umeme ukikatika tena. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuihifadhia printa namba yake ya kudumu, au kuisajili kwa jina badala ya namba.

Namna ya kuchunguza inafuata njia hiyo ya mazungumzo. `ping` inaonyesha kama printa inafikika, ingawa zipo printa zilizopangwa zisiijibu. Baada yake, `ipptool -tv` ikifuatwa na anwani ya printa na `get-printer-attributes.test` inaiuliza printa maswali yaleyale ambayo CUPS ingeiuliza. Yakirudi majibu, ujue mtandao hauna hatia, na printa inaongea lugha inayotakiwa. Halafu `lpstat -t` inaonyesha hali ya foleni. Hapa watu wengi hukwama bila sababu: kazi moja ikishindikana, foleni inaweza kusimamishwa na mfumo wenyewe, na itabaki imesimama hata printa ikipona, mpaka mtu aamuru `cupsenable`. Kuna na kosa la ukubwa wa karatasi, ambalo halihusiani na draiva wala mtandao. Hati iliyopangwa kwa Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279, ikitumwa kwenye trei ya A4, milimita 210 kwa 297, printa nyingi huipokea kazi, huwasha taa, kisha hungoja mtu alete karatasi ambayo huku kwetu haiuzwi hata madukani kwa kawaida. Angalia ukubwa wa karatasi kabla ya kufungua printa kwa bisibisi.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba ofisi nyingi zina printa za zamani, na hizo hazijui IPP, yaani lugha ya maswali na majibu hayo. Ni kweli, na kwa hizo draiva bado inahitajika. HP LaserJet 1020, kwa mfano, huhitaji kupakiwa programu yake ya ndani kila inapowashwa. Lakini hata hapo hakuna haja ya kusambaza draiva kwenye kila meza. Printa ikiunganishwa kwa USB kwenye kompyuta moja ndogo, hata Raspberry Pi, CUPS iliyo humo inaweza kuitangaza mtandaoni kama printa ya kisasa, na kompyuta nyingine zote zikaitumia bila kujua kwamba kuna draiva. Tatizo la draiva linabaki mahali pamoja, ambapo mtu mmoja anaweza kulisimamia. Na siku draiva itakapokuwa na hatia kweli, CUPS itasema: washa kumbukumbu za kina kwa `cupsctl --debug-logging`, tuma kazi, kisha soma `/var/log/cups/error_log`. Maneno `Filter failed` yana maana kwamba kompyuta yenyewe imeshindwa kuitafsiri hati kabla haijafika kwa printa. Hapo ndipo pa kubadilisha draiva.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la usalama. Mwezi Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza kasoro kadhaa zilizohusu `cups-browsed`, programu iliyosikiliza lango 631 la UDP na kumwamini yeyote aliyedai kuwa ni printa. Mshambuliaji aliweza kupandikiza printa bandia, na mtumiaji akichapa kwayo, amri ya mshambuliaji ingetekelezwa kwenye kompyuta yake. Wapo waliohitimisha kwamba kuziacha printa zijitangaze ni hatari yenyewe. Sikubaliani nao, kwa sababu ukifuatilia njia ya shambulio unakuta milango yake ni ile ya zamani: utaratibu wa utambuzi uliotangulia mDNS, majibu ya printa kuandikwa ndani ya faili la PPD bila kukaguliwa, na kichujio kilichokubali kutekeleza amri kutoka kwenye faili hilo. CUPS ya sasa inazipata printa za IPP bila `cups-browsed`, na ofisi nyingi ndogo zinaweza kuizima kwa `systemctl disable --now cups-browsed` zikaendelea kuchapa vilevile. Toleo la 3 la CUPS, linalotayarishwa na mradi wa OpenPrinting, limepangwa kutokuwa na PPD kabisa, na printa zitakazohitaji draiva zitahudumiwa na programu ya pembeni inayojitokeza mtandaoni kama printa ya IPP, kama Raspberry Pi ile inavyofanya leo.