Pakiti Mbovu au Pakiti Iliyopitwa? Uhakiki wa Istilahi Chache za Mitandao ya Kompyuta

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi ina hatari moja ambayo aghalabu haionekani mpaka istilahi yenyewe iwe imekwisha kuingia katika vitabu na katika vinywa vya watu. Hatari hiyo ni kutafsiri neno badala ya kutafsiri dhana. Mwenye kutafsiri neno hufungua kamusi, akachagua maana ya kwanza anayoikuta, akaendelea na kazi nyingine. Mwenye kutafsiri dhana hana budi kuuliza kwanza: kitu hiki kinafanya kazi gani, na kinapokosea hukosea vipi?

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zilizomo katika rasimu ya mwongozo wa mafunzo ya mafundi wa mitandao ya kompyuta, iliyoletwa mezani petu ili ipitiwe. Rasimu yenyewe hatutaitaja kwa jina, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya waandishi wake peke yao. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa walioipitia mara ya kwanza, na istilahi ninayoilaumu zaidi hapa chini niliiacha ipite. Dhana zinazohusika ni mbili na hazitengani: pakiti kufika bila kufuata mfuatano wake, na mzigo wa mtandao kugawanywa katika njia zaidi ya moja. Ya kwanza rasimu iliiita "pakiti mbovu". Ya pili iliiita "usawazishaji wa mzigo".

Neno pakiti

Tuanze na neno lenyewe. Katika mtandao wa kompyuta ujumbe hausafiri mzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikabeba anwani ya kinakokwenda, kikasafirishwa peke yake. Wazo hili lilibuniwa katika miaka ya 1960 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushauriana: Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza. Davies ndiye aliyekipa kipande hicho jina lililoenea duniani, na inafaa wanaistilahi tukumbuke jinsi alivyolipata. Kabla ya kuamua, alishauriana na mwenzake aliyekuwa mjuzi wa lugha, kwa kuwa alitaka neno litakalopatikana kwa urahisi hata katika lugha nyingine. Basi mwasisi mwenyewe aliwafikiria watafsiri tangu mwanzo.

Sisi tunalo neno pakiti, na rasimu ilifanya vema kulitumia. Wapo wanaopendelea kifurushi, nalo kwa sura yake ni zuri na lina asili katika lugha yetu. Lakini siku hizi kifurushi ni kile mteja anachokinunua katika kampuni ya simu: dakika, ujumbe mfupi na kiasi cha data. Fundi akimwambia mteja kwamba vifurushi vinapotea njiani, mteja atadai fedha zake. Neno lililokwisha kushikwa na umma kwa maana moja lisipewe maana nyingine iliyo jirani nayo mno.

Ubovu na kupishana

Maneno ya Kiingereza yaliyotafsiriwa kuwa "pakiti mbovu" yana maana mbili. Yakibandikwa juu ya lifti au choo, humaanisha kwamba kitu hicho kimeharibika na hakifanyi kazi. Yakisemwa juu ya vitu vilivyopewa namba, humaanisha kwamba vitu hivyo havikufika kwa kufuata namba zao. Mtafsiri alichukua maana ya lifti akaitia katika mtandao.

Tofauti ya maana hizo mbili si ndogo. Tuseme mwandishi aliyeko Dar es Salaam anapeleka Arusha mswada wenye kurasa zilizotiwa namba, kila ukurasa katika bahasha yake. Bahasha nyingine anazipakia katika basi linalopita Segera na Moshi, nyingine katika basi linalozunguka Dodoma na Babati. Ukurasa wa 40 uliopita Dodoma utafika baada ya ukurasa wa 41, ingawa zote mbili ni safi na zinasomeka. Mpokeaji hana haja ya kuutupa. Anachohitaji ni kusubiri na kuupanga mahali pake.

Waliounda itifaki ya TCP walilifahamu jambo hili vizuri. Maelezo yake ya Septemba 1981, ambayo ni hati namba 793 katika mfululizo wa RFC, yanataja aina nne za hitilafu ambazo itifaki hiyo inapaswa kuzimudu: data iliyoharibika, data iliyopotea, data iliyofika zaidi ya mara moja, na data iliyofika nje ya mfuatano wake. Kila hitilafu ina dawa yake. Iliyoharibika hugunduliwa kwa hesabu ya uhakiki ikatupwa. Iliyofika nje ya mfuatano hupangwa upya kwa namba zake. Sasa rasimu yetu, kwa kuiita ya nne "mbovu", imeifanya kuwa ile ya kwanza. Orodha ya mambo manne imekuwa ya matatu, na mwanafunzi hana njia ya kulijua hilo.

Madhara yake si ya nadharia tu. Fundi mmoja chipukizi, aliyefundishwa kwa nakala ya awali ya rasimu hiyo, alinieleza jinsi alivyoona katika kipimo kwamba "pakiti mbovu" zimezidi. Akabadilisha waya, akabadilisha viungio, na hatimaye akaomba kifaa kipya. Hapakuwa na kitu kibovu. Mtandao ule ulikuwa na njia mbili zenye urefu usiolingana, na pakiti zilikuwa zikipitana. Fedha zilitumika na siku zilipotea kwa sababu ya kivumishi kimoja, nacho nilikuwa nimekiona mapema na kukinyamazia.

Izingatiwe pia kwamba wataalamu wenyewe wamekataa kuliita jambo hili ugonjwa. Mwaka 1999 Bennett, Partridge na Shectman walichapisha makala waliyoonyesha humo kwamba pakiti kupishana si dalili ya mtandao kuugua, bali ni tokeo la kawaida pale mitambo na njia zinapofanya kazi sambamba.

Hata hivyo jambo la kawaida laweza kuwa na gharama. Mpokeaji wa TCP hutoa stakabadhi inayotaja data anayoitazamia. Pakiti zikifika kwa utaratibu wa 1, 2, 4, 5, 6, kila moja kati ya hizo tatu za mwisho itamfanya atoe tena stakabadhi ileile ya kuitaka ya 3. Kwa kanuni iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mtumaji akipata stakabadhi rudufu tatu huamua kwamba pakiti imepotea. Huituma tena na kupunguza mwendo wake kama kwa nusu. Kumbe pakiti ya 3 ilikuwa njiani salama. Hati namba 8985 ya mwaka 2021 imeeleza mbinu inayozingatia muda badala ya kutegemea hesabu ya stakabadhi peke yake, ili kupunguza kosa hilo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba pakiti ilikuwa mbovu ataona mtumaji alifanya haki kuituma tena, na hataelewa kwa nini mbinu hiyo mpya ilihitajika.

Istilahi badala yake

Katika kikao cha pili palitolewa pendekezo la "pakiti zisizo na mpangilio". Hili ni afadhali, lakini nalo halitoshi. Kila pakiti ya TCP hubeba namba inayoonyesha mahali pa data yake katika mfuatano mzima, na biti 32 zimetengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mpangilio upo. Kilichovurugika ni kufika tu.

Mimi napendekeza tutumie kitenzi kupita pamoja na minyambuliko yake. Tukio lenyewe tuliite "kupishana kwa pakiti", na pakiti inayohusika tuiite "pakiti iliyopitwa". Yaweza kusemwa kwamba kupishana ni pia kwa watu wawili wanaokutana njiani, kila mmoja akienda kwake. Ni kweli, lakini muktadha wa safari ya upande mmoja unaiondoa maana hiyo, na ufafanuzi wa istilahi utaimalizia.

Kauli ya kutendwa katika "iliyopitwa" ina sababu yake. Hati namba 4737 ya mwaka 2006, inayoweka vipimo vya jambo hili, inaamua ni pakiti ipi ihesabiwe. Zikifika 1, 2, 4, 5, 3, basi 4 na 5 hazihesabiwi, kwa kuwa namba zao hazikurudi nyuma. Inayohesabiwa ni 3 peke yake, iliyofika baada ya wakubwa wake kutangulia. Hapa Kiswahili kinaieleza dhana kwa uwazi kuliko Kiingereza, ambacho hakionyeshi ni nani aliyempita mwenziwe.

Mzigo: kugawa na kusawazisha

Istilahi ya pili, "usawazishaji wa mzigo", ina kosa lililofichika zaidi. Kusawazisha ni kufanya vitu vilingane. Je, ndivyo ifanyavyo ruta yenye njia mbili za gharama sawa? Inaweza kugawa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuzipeleka pakiti moja moja kwa zamu. Mzigo hukaribia kulingana, lakini pakiti za mazungumzo yaleyale hupita njia tofauti zikapishana; hati namba 2991 ya Novemba 2000 ilikwisha kuonya juu ya hilo. Namna ya pili ni kukokotoa namba moja kutokana na anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, itifaki, na milango ya pande mbili, kisha kuchagua njia kwa namba hiyo. Pakiti zote za mtiririko mmoja hushika njia moja, na mfuatano wake huhifadhika.

Lakini katika namna hii ya pili, mtiririko mmoja mkubwa waweza kuijaza njia yake ilhali njia ya pili karibu ni tupu. Hakuna kilichosawazishwa, na ruta haina kosa; imefanya kama ilivyoagizwa. Mwanafunzi aliyefundishwa neno "usawazishaji" ataanza kutafuta ubovu kwa mara ya pili. Kinyume chake, ipo mitambo inayokaa mbele ya seva nyingi, ikahesabu maunganisho yaliyo wazi na kumpeleka mteja mpya kwenye seva yenye machache zaidi. Huo waweza kuitwa usawazishaji kwa haki.

Mapendekezo

Kwa hiyo naomba Kamati ifikirie haya. "Ugawaji wa mzigo" liwe jina la jumla. Chini yake pawe na "ugawaji kwa pakiti" na "ugawaji kwa mtiririko". "Usawazishaji wa mzigo" litumike tu pale mtambo unapoupima mzigo na kuurekebisha. "Pakiti mbovu" ibaki kwa ile iliyoharibika data yake. "Kupishana kwa pakiti" na "pakiti iliyopitwa" zichukue nafasi iliyobaki.

Zaidi ya hayo, istilahi ya ufundi isipitishwe kabla ya mtaalamu wa fani husika kuitumia katika sentensi mbele ya wanakamati, aeleze tukio zima kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Lau tungalifanya hivyo, "pakiti mbovu" isingalifika sentensi ya tatu. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, nasi tumezoea kuwajibu kwa hasira. Jibu lililo bora ni kuirekebisha rasimu hii kabla haijapigwa chapa, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuifuta sahihi yangu.