Mpiga Bastola na Mtoto Aliyeachwa: Uhakiki wa The Gunslinger

Riwaya hii ya Mmarekani Stephen King ndiyo mlango wa mfululizo wa The Dark Tower. Ilianza kama hadithi tano zilizochapwa katika jarida la The Magazine of Fantasy and Science Fiction kati ya mwaka 1978 na 1981, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1982. Chimbuko lake ni shairi la Robert Browning la mwaka 1855 juu ya Childe Roland, pamoja na filamu za kauboi za Sergio Leone. Kutokana na ndoa hiyo ya ajabu amezaliwa Roland, mpiga bastola wa mwisho katika ulimwengu uliochakaa, anayemwandama jangwani mtu wa mavazi meusi.

Kwa upande wa fani, sehemu za mwanzo ndizo zenye nguvu. Katika mji wa Tull, mhubiri Sylvia Pittston anawachochea wakazi wamvamie mgeni, naye mgeni anawaua wote: watu 58, wakiwamo watoto 5. Mwandishi anazitaja hesabu hizo kwa ukavu wa karani, na ukavu huo ndio unaotutisha. Mazungumzo marefu ya mwishoni, yenye karata za ramli na falsafa juu ya ukubwa wa ulimwengu, hayafikii kiwango hicho.

Lakini kiini cha riwaya ni Jake, mvulana wa New York aliyekufa kwa kugongwa na gari katika ulimwengu wetu, akajikuta katika kituo kikavu cha jangwani. Roland anampenda, hilo hatulitilii shaka. Hata hivyo, chini ya milima, juu ya daraja bovu la reli, mtoto ananing'inia huku adui akisubiri mbele, na Roland anauchagua mnara. Zaidi ya hayo, Jake alikwisha kuhisi kwamba atatolewa kafara, naye akaendelea kufuata kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. King hamtetei shujaa wake.

Ndiyo maana hatukubaliani na masahihisho aliyoyafanya mwaka 2003. Katika toleo la awali, Allie, mwanamke aliyempokea Roland huko Tull, ametangulizwa kama ngao, anasihi asipigwe risasi, na mikono iliyofunzwa kuua inafyatua kabla moyo haujasema neno. Katika toleo jipya Allie mwenyewe anaomba auawe, kwa kuwa ameijua siri iliyomvuruga akili. Mauaji yamegeuzwa huruma! Tunaelewa kwamba King alitaka kitabu kilingane na vile vilivyofuata, na kweli lugha imenyooka zaidi. Lakini Roland aliyemwua Allie kwa kumrehemu hatutayarishi kumwona akimwacha Jake. Yule wa kwanza alikwisha tuonya.

Mwalimu atakayeisomesha riwaya hii na atafute nakala ya kabla ya 2003, kisha aziweke kurasa hizo mbili za Tull bega kwa bega mbele ya wanafunzi wake.